Motere ya turu ikiungua katikati ya msimu wa kahawa

Ndugu wanakoperative, mara hii tunaongea juu ya kitu ambacho wengi hawakihesabu katika kazi ya mulimaji: turu, ile mashini ya kukereza chuma inayokaa katika ateliye za Butembo na Beni. Lakini fikirieni kidogo. Ekseli ya mashini ya kumenya kahawa ikivunjika, nyingine inatengenezwa wapi? Puli ya kinu cha mahindi je? Parafujo kubwa ya kukamulia mawese? Yote inapita kwenye turu. Na kahawa iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo hii hii. Ikilala ndani ya mifuko inachacha, na mnunuzi atasikia harufu hiyo ndani ya kikombe.

Kuna turu yenye umri kumupita fundi anayeitumia. Chuma chake bado kizuri, kizito, hakitikisiki. Kinachokufa kwanza ni motere. Ndivyo ilivyokuwa kwa koperative moja tuliyoitembelea: turu yao iliungua motere wakati ekseli mbili zilikuwa zinangojea. Mama Prezidenti akatoa pesa haraka, kijana akatumwa mjini, akarudi na motere nzuri, ya rangi mpya, ya kilowati 1.5 kama ile ya zamani.

Fundi mzee akasoma kibati chake, akanyamaza. Kisha akasema: «Mama, hii ni motere ya pompa. Inazunguka mara mbili.»

«Si ni nguvu ile ile, Papa?»

«Nguvu ni ile ile. Mwendo ndio si ule.»

Hapo ndipo somo letu. Katika nchi yetu umeme ni wa herzi 50. Motere ya turu karibu siku zote inazunguka mara 1,400 hivi hadi 1,450 kwa dakika. Motere nyingi za pompa zinazunguka mara 2,850 hivi. Ukiweka hiyo ya pili na puli zile zile, kila mwendo wa turu unakuwa maradufu, na kipande kizito kisichokaa sawa kinaweza kuruka kutoka katika taya na kuumiza mtu. Wengine wanasema: tupunguze puli ya motere iwe nusu. Kama ilikuwa ya milimita 100, iwe 50. Hesabu ni sawa, lakini mkanda wa kawaida wa umbo la V, saizi A, haupendi puli iliyo chini ya milimita 75 hivi. Unajikunja sana, unateleza, unapata moto na kukatika. Afadhali kutafuta motere ya mwendo unaofaa. (Na kumbukeni kwamba kukereza puli mpya kunahitaji turu. Fundi mzee alicheka sana aliposema hilo, lakini Mama Prezidenti hakucheka.)

Kwa hiyo, kabla ya mtu kupanda gari, aandike yote yaliyo kwenye kibati cha motere ya zamani: kilowati au HP (HP 1 ni kama kilowati 0.75), mizunguko, volti, ampere, fazi ngapi. Kisha apime kwa rula: unene wa ekseli, urefu kutoka chini ya miguu hadi katikati ya ekseli, na nafasi kati ya matundu ya boliti. Motere za vipimo vya kimataifa zina namba: ile ya 90 ina milimita 90 kutoka miguu hadi katikati, na ekseli ya milimita 24, ile ya 100 ina ekseli ya milimita 28. Motere za zamani za Waingereza zimepimwa kwa inchi, kwa hiyo puli yake haitaingia vizuri kwenye mpya. Apige na picha ya kibati kwa simu. Karatasi inapotea, na karibu kilomita 50 kati ya Beni na Butembo si safari ya kurudia kwa sababu ya milimita nne.

Sasa umeme. Motere ya fazi tatu ndiyo nzuri kwa turu, lakini vijiji vingi vina fazi moja tu, au gurupe ndogo. Palipo na umeme wa mtambo wa maji, kama ule wa Mutwanga ulioanza mwaka 2013, ulizeni kwanza kama mstari unaofika kwenu ni wa fazi tatu. Kama ni fazi moja, kuna njia ya variateri, kisanduku kinachopokea volti 220 za fazi moja na kutoa fazi tatu za volti 220. Hapo kibati kinapaswa kusema 220/380, na waya zifungwe kwa umbo la pembetatu. Kikisema 380/660, iacheni: kwenye volti 220 haitapata nguvu yake. Tena variateri ifungwe moja kwa moja kwenye motere. Swichi ya zamani ya kugeuza mbele na nyuma isiwe katikati yake. Na kama taya za turu zimefungwa kwa kuzungusha kwenye uzi, msikereze kwa kurudi nyuma, zitajifungua.

Kwa gurupe, msidanganyike na kilowati. Motere inapoanza inavuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida. Kwa motere ya 1.5, tafuteni gurupe ya kVA 5 au zaidi, na muanze turu bila mzigo.

Lakini kabla ya kununua chochote, ulizeni kwa nini ya zamani iliungua. Ondoeni mkanda, zungusheni ekseli ya turu kwa mkono. Kama ni nzito, beringi zimekufa au hazina mafuta, na motere mpya itaungua vile vile. Kisha fungueni ile iliyoungua. Waya zikiwa nyeusi pande zote sawasawa, ililemewa. Zikiwa nyeusi sehemu moja au mbili na nyingine safi, ilikosa fazi moja: fuzi ilikatika, au waya ililegea, na ikaendelea kuzunguka kwa fazi mbili mpaka ikafa. Kuikinga dhidi ya hayo kunahitaji kifaa cha kukata umeme kilichowekwa kwa ampere za kibati, na ni rahisi kuliko motere.

Koperative ile waliamua kupeleka ya zamani kwa bobineri wa mjini, aitie waya mpya. Kazi ilichukua siku kadhaa, na puli, boliti na mwendo vyote vilibaki vile vile. Waya zilikuwa zimeungua sehemu mbili tu. Fundi mzee akaenda kwenye kisanduku cha fuzi kwanza.