Kupiga Picha Mwezi Ukipatwa: Jiandae kwa Desemba 2028

Jumapili ya tarehe 31 Desemba 2028, wakati wengine wanahangaika na pilau na fataki, mwezi utachomoza ukiwa umeshaanza kumegwa. Kwa saa za Afrika Mashariki, kivuli cha dunia kitaugusa saa 12:07 jioni, kabla haujaonekana Dar es Salaam wala Mombasa. Utafunikwa wote kuanzia saa 1:16 hadi saa 2:27 usiku. Huhitaji kukesha, wala miwani. Miwani ni ya jua likipatwa.

Anza na mahali. Hapa ndipo wengi hukosea, wakahangaikia lenzi. Mwezi mpevu wa Desemba huchomoza karibu na pale jua linapochomoza mwishoni mwa Juni, kaskazini kidogo ya mashariki. Basi Juni hiyo amka alfajiri, simama ufukweni au juu ya paa, uweke alama: mnazi gani, mnara upi. Usipofanya hivyo utautafuta usiuone, maana mwezi uliopatwa ukiwa bado chini, na magharibi hakujaingia giza, huwa hafifu mno. Lakini kuwa kwake chini ndiyo bahati yako: unaweza kuupiga pamoja na mashua au mnara wa msikiti. Picha ya duara jekundu katikati ya weusi kila mtu anayo.

Jaribu mapema. Usiku wa tarehe 6 Julai 2028 mwezi utapatwa kwa sehemu, kilele kikiwa kama saa 3:20. Utumie kujifunza kamera yako gizani.

Vifaa. Stendi imara, taima ya sekunde 2, na lenzi ya milimita 200 au zaidi. Hata kwa milimita 300, mwezi kwenye kihisi cha kamera haufiki upana wa milimita 3. Mwenye simu aishikize kwenye jicho la darubini. Kuvuta picha kwa simu peke yake hutoa ukungu tu.

Fokasi iweke kwa mkono, kwenye ukingo unaong'aa, kisha bandika utepe isisogee. Jioni ya Desemba 31 una nusu saa hivi kabla ukingo huo haujazimika.

Mwanga. Sehemu nyeupe: ISO 100, f/8, sekunde 1/250. Kivuli kikisonga, punguza kasi hadi 1/60, kisha 1/15. Mwezi ukishakuwa mwekundu, kwa ule mwanga wa jua uliopenya hewa ya dunia, panda hadi ISO 1600, fungua lenzi yote, sekunde 1 au pungufu. Ukizidisha hapo mwezi utavutika, kwani unatembea.

Wingu likitanda usikunje stendi. Mwezi utakaa wote kivulini dakika 71, na mawingu ya pwani hupasuka. Na kwa kuwa Isha itaingia humo humo, na misikitini kutakuwa na swala ya kupatwa kwa mwezi, tega kamera ipige yenyewe kila dakika 2, umwachie mtu wa kuilinda.