Mkono Kabla ya Mzigo: Somo la Kumkanda Punda wa Kazi

Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Msemo huo hutajwa mara nyingi kwa mzaha, lakini wapo wanaoufanya kanuni ya kazi. Hesabu yake, hata hivyo, haisimami. Punda akifa leo, mzigo wa leo huenda ukafika. Mzigo wa kesho hautakuwa na wa kuuvuta, na nyumba iliyokuwa ikila kutokana na gari lile italala njaa.

Katika Chwaka na vijiji vilivyo jirani, gari la punda bado lina kazi yake. Hubeba mchanga, matofali, kuni, madumu ya maji na magunia ya mwani. Njia nyingi ni za mawe ya matumbawe, jua ni kali, na maji ya chumvi hudondoka kutoka kwenye magunia yaliyotoka pwani. Mnyama anayefanya kazi katika hali hiyo huchoka misuli, huchubuka ngozi na huumia viungo kama anavyoumia mchukuzi wa bandarini. Somo hili linaeleza jinsi mikono miwili ya mfugaji, bila gharama yoyote, inavyoweza kumsaidia punda kubaki mzima na mwenye nguvu. Mafunzo yake yanamfaa pia anayefuga farasi.

Elimu isiyo ngeni

Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa thamani ya mkono. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Bibi harusi husingwa. Mvuvi aliyeteguka bega akivuta nyavu huchuliwa. Lugha yenyewe imetenga maneno matatu, kukanda, kusinga na kuchua, kwa kazi ambayo lugha nyingine huipa neno moja. Lililobaki ni kuipeleka elimu hiyo bandani.

Kwa wanyama nako elimu hii ni kongwe. Xenophon, askari na mwandishi wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Miladi, aliandika kitabu juu ya farasi. Humo alishauri kwamba nywele za uti wa mgongo zisiguswe kwa chombo chochote, bali zilainishwe kwa mkono kufuata zinavyoota, ili mahali pa kukalia mpandaji pasidhurike. Hapa Unguja, Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, alisimulia jinsi watoto wa kasri walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wadogo, na akawataja punda weupe wa Maskati waliothaminiwa sana. Mnyama wa kupandwa na wa kuvuta ana historia ndefu katika kisiwa hiki.

Katika zama za karibu, watafiti wawili, Claudia Feh na Jeanne de Mazières, walichapisha mwaka 1993 matokeo ya uchunguzi wao juu ya farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Farasi hupenda kukunana wao kwa wao, hasa mahali ambapo shingo inakutana na mgongo, juu ya mabega. Watafiti hao walipowakuna kwa mkono mahali hapo hapo, mapigo ya moyo ya farasi yalipungua. Walipowakuna mahali pengine, hayakupungua vivyo. Mguso ufaao, mahali pafaapo, humtuliza mnyama kweli.

Kwa nini punda hasa

Farasi akiumia huonyesha mapema. Punda huficha. Ni tabia ya maumbile yake: husimama kimya, hushusha kichwa, na huendelea kuvuta hadi maumivu yamzidi. Kwa sababu hiyo wengi humwita mkaidi siku anapogoma, kumbe ukaidi ule ni taarifa iliyochelewa kusomwa.

Chukulia punda anayevuta mchanga kwa siku sita mfululizo. Mkanda wake wa kifuani umechakaa upande wa kushoto, na mshono umetokeza. Siku ya kwanza hakuna kidonda. Nywele tu zimelala vibaya. Siku ya pili ngozi ina joto. Siku ya tatu punda anaanza kuegemea kulia ili aukwepe mshono, na misuli ya bega la kulia inafanya kazi ya mabega mawili. Siku ya sita anachechemea mguu wa kulia. Mwenyewe anainua ukwato wa kulia na kutafuta jiwe, halionekani, basi anaongeza fimbo. Kiganja kilichopita kifuani siku ya pili kingeyaona yote hayo, na dawa ingekuwa kipande cha kitambaa na sindano ya kushonea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya kukanda. Mkono hulegeza misuli, huchangamsha mzunguko wa damu katika ngozi na humtuliza mnyama. Lakini zaidi ya hayo, mkono husoma. Mfugaji anayemkanda punda wake kila siku huujua mwili wake unavyokuwa siku njema, na kwa hiyo huitambua siku mbaya kabla haijawa msiba.

Namna ya kukanda

Dakika 10 hadi 15 zinatosha, asubuhi kabla ya kufunga matandiko. Mnyama asimame kivulini, penye ardhi tambarare, na kamba yake ishikwe na mtu wa pili badala ya kufungwa fundo kali. Mfugaji asimame ubavuni, kamwe asisimame nyuma, na mkono mmoja ubaki ukimgusa mnyama wakati wote ili asishtuke.

Kwanza, asafishwe. Mchanga na chumvi iliyokauka viondolewe kwa burashi au kwa kumbi la nazi lililolainishwa. Mchanga ukibaki, kila mkandamizo wa mkono au wa matandiko utaikwaruza ngozi. Juu ya uti wa mgongo utumike mkono mtupu.

Pili, apapaswe. Kiganja kipite polepole kutoka nyuma ya sikio, shingoni, begani, kifuani, mgongoni, kiunoni na pajani, kisha kishuke kila mguu hadi kwenye ukwato. Upande wa kushoto ulinganishwe na wa kulia. Yanayotafutwa ni manne: joto lisilo la kawaida, uvimbe, ugumu wa misuli, na mahali ambapo mnyama anashtuka. Kwa kupima joto, nyuma ya mkono husikia vizuri kuliko kiganja.

Tatu, akandwe. Kazi ianze kwa kiganja kilicho wazi, kwa mkandamizo mwepesi, kufuata nywele zinavyolala. Mnyama akizoea, sehemu zenye nyama nene, yaani shingo, mabega, pande mbili za mgongo na mapaja, zikandwe kwa mizunguko midogo ya kiganja au ya vidole vilivyokunjwa. Nguvu iongezwe kidogo kidogo. Mifupa isikandamizwe: si uti wa mgongo, si ncha ya bega, si goti. Miguuni chini ya goti hakuna misuli ya kukandwa. Kuna kano na mfupa, na hapo hupapaswa tu.

Nne, anyooshwe. Misuli ikishapata moto, mguu wa mbele uinuliwe na kuvutwa mbele taratibu, ushikiliwe kwa sekunde chache, kisha urudishwe chini kwa upole bila kuachwa uanguke. Mnyama asilazimishwe kupita pale anapopafikia mwenyewe. Nafasi hiyo hiyo itumike kuchokoa mawe na uchafu ndani ya kwato. Kwato zenyewe zahitaji kupunguzwa na fundi mwenye ujuzi kila baada ya wiki 6 hadi 10, kwa kuwa ukwato uliorefuka hupinda mguu, na mguu uliopinda huuma hadi mgongoni.

Jioni baada ya kazi, utaratibu hubadilika. Matandiko yafunguliwe kivulini, mnyama anyweshwe maji, atembezwe kidogo, kisha jasho na chumvi vioshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari. Baada ya hapo mkono upite kwa wepesi tu, hasa pale mikanda ilipokaa.

Kulisikiliza jibu

Punda hujibu, ingawa hasemi. Akifurahia, hushusha kichwa, hulegeza mdomo wa chini, hufumba macho nusu, hupiga miayo au hutafuna pasipo chakula. Wengine huegemea mkono ili uongezwe. Akiumia, hulaza masikio nyuma, hupunga mkia kwa hasira, hukaza mgongo, husogea pembeni au hugeuza kichwa kutaka kuuma. Dalili hizo zikijitokeza, mkono upunguze nguvu au uondoke kabisa. Kumpiga mnyama kwa sababu ameonyesha panapouma ni kumfundisha kuficha zaidi.

Wakati wa kutokanda

Mkono wa mfugaji hauchukui nafasi ya daktari. Usikandwe mwili wenye kidonda, jipu, uvimbe wa moto au mfupa unaoshukiwa kuvunjika. Asikandwe mnyama mwenye homa: joto la punda mzima aliyetulia hukaribia nyuzi 37, na la farasi huwa baina ya 37.5 na 38.5. Asikandwe anayegaagaa kwa maumivu ya tumbo. Punda aliyeacha kula siku nzima ahesabiwe mgonjwa wa dharura hata kama amesimama kimya, kwa kuwa mafuta ya mwilini huweza kufurika katika damu yake na kumuua kwa muda mfupi.

Vidonda vya msumari na vya mkanda visidharauliwe. Ugonjwa wa pepopunda umebeba jina la mnyama huyu, na punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nao kwa urahisi mno. Chanjo ipo, na ushauri wa daktari wa mifugo utafutwe kabla ya kidonda, si baada yake.

Jambo jingine ni mafuta. Wengi hupenda kumpaka mnyama mafuta ya nazi au ya karafuu kama apakwavyo binadamu. Mafuta ya karafuu yasiyopunguzwa huunguza ngozi, na mafuta ya nazi chini ya matandiko hunasa mchanga na kuufanya msasa. Kwa punda wa kazi, mkono mkavu ndio bora.

Kuondoa chanzo

Kukanda asubuhi na kumuumiza mchana ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Mikanda iwe mipana, laini na mikavu. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi. Mzigo wa gari upangwe kwa uwiano, usielemee shingoni wala usiliinue gari kwa nyuma. Magunia ya mwani yachujwe maji kabla ya kupakiwa. Mnyama apumzishwe saa za jua kali na apate maji mara kadhaa kwa siku.

Mfano wa kuigwa upo katika mwambao huu huu. Katika mji wa Lamu, ambako vichochoro havipitiki kwa gari na punda ndiye mchukuzi wa kila kitu, kituo cha tiba ya punda cha shirika la The Donkey Sanctuary kimekuwapo tangu mwaka 1987. Wenye punda wa huko wamezoea kumpeleka mnyama akaangaliwe kama mzazi anavyompeleka mtoto kliniki.

Katika shehia za Wilaya ya Kati, mwananchi anayehitaji ushauri juu ya afya ya punda, farasi au mfugo mwingine aanze kwa Sheha wake, ambaye atamwelekeza kwa afisa mifugo. Aende akiwa na maelezo: mahali panapouma, siku ilipoanza, na kama mnyama anakula. Mfugaji aliyezoea kukanda atakuwa nayo majibu hayo mkononi.

Maswali ya kujipima

1. Ni mambo gani manne yanayotafutwa wakati wa kupapasa?
2. Kwa nini punda anayechechemea mguu wa kulia huenda ameumia upande wa kushoto?
3. Taja hali tatu ambazo mnyama hapaswi kukandwa.
4. Punda wako, au wa jirani yako, ana alama gani pale mkanda wa kifuani unapokaa? Swali hili lijibiwe kwa mkono, kesho asubuhi, kabla ya mzigo.