Somo kwa Kamati za Sharika: Mgeni Katika Baraza la Wanafunzi



Wapendwa wanakamati wa sharika, pamoja na ninyi marafiki wa dayosisi mnaotuombea na kutuchangia kutoka mbali, somo la robo hii tumelitoa katika jambo lililotutokea sisi wenyewe. Kwanza tulifikiri tusiliandike. Lakini kamati mbili zimetuuliza kwa barua kama mpango wa kubadilishana wanafunzi uendelee au usimame, na hatuoni namna ya kuzijibu bila kueleza lililotokea.

Mwaka juzi usharika rafiki wa Ujerumani ulimleta binti wa miaka 16 akae muhula mmoja katika mojawapo ya sekondari zetu za bweni. Aliwekwa Kidato cha Tatu, akapewa kitanda cha juu, ndoo na jembe kama wenzake. Kiswahili chake kilitosha kuomba maji na kushukuru. Kwa Kiingereza alielewana na wote. Wiki ya sita mkuu wa shule aliitisha baraza la wanafunzi, akamkaribisha mgeni aseme neno. Watu walitarajia salamu za nyumbani kwao. Yeye akauliza kwa nini wasichana wanaamka saa kumi usiku kwenda mtoni, wakati nyuma ya bweni lao lipo tangi la lita 10,000 ambalo usharika wake ulilichangia kwa kuuza keki baada ya ibada za Jumapili.

Maji ya chemchemi yalikuwa yakifika kwenye tangi lile. Ila bomba lilikuwa limeelekezwa kwenye nyumba za walimu, na koki ya bweni ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Walimu walikuwa na sababu yao: kiangazi maji ni machache, na mwalimu asiyepata maji huomba uhamisho. Si sababu ya kudharau. Lakini haikuwa imesemwa mahali popote, wala haikuandikwa.

Hapo ndipo sisi tunapoingia. Taarifa iliyokwenda kwa wafadhili ilisema tangi linawahudumia wasichana wa bweni. Tuliiandika sisi, ofisi ya miradi, baada ya kulitazama tangi na kupiga picha mbele yake. Hatukufungua koki.

Bodi ya shule ilikasirika. Mjumbe mmoja alisema mgeni ametuvua nguo mbele ya wafadhili, na kwamba mgeni mwenye adabu hahesabu vyungu vya mwenyeji wake. Mgeni mwenyewe hakuguswa. Alimaliza muhula akaagwa kwa kitenge na wimbo. Aliyeguswa ni dada mkuu. Siku ya tatu baada ya baraza alivuliwa uongozi kwa kosa la kumpa mgeni siri za shule. Tulipokwenda kumsikiliza tukakuta kwamba habari ya tangi alikuwa ameipeleka kwa matroni mara mbili, mwaka mzima kabla mgeni hajafika, naye akaambiwa kazi yake ni kusimamia usafi.

Tukitaka kujifunza kitu, tuanzie kwa dada mkuu. Viranja wetu ni urithi wa shule za bweni za Uingereza. Huko Thomas Arnold, mchungaji wa Kianglikana aliyeiongoza shule ya Rugby kuanzia 1828, aliwapa wanafunzi wakubwa mamlaka juu ya wadogo ili nidhamu ishuke kutoka kwa mkuu hadi bwenini. Mfumo huo una faida, nasi tuliolelewa ndani yake tunazifahamu. Kengele inapigwa kwa wakati, bweni linafagiwa, majina ya wapiga kelele yanaandikwa. Lakini umejengwa kupeleka maneno chini. Kiranja anayepandisha neno juu huonekana amesahau nafasi yake.

Binti yule alitoka kwenye utaratibu mwingine. Ujerumani kila darasa huchagua msemaji wake, wasemaji hao hukutana katika baraza lao, na katika jimbo kama Baden-Württemberg baraza hilo hujichagulia mwalimu wa kuwa kiungo kati yao na uongozi wa shule. Kuuliza habari za maji kwake halikuwa jambo la ushujaa. Alidhani baraza limeitwa kwa kazi hiyo.

Tusiseme kwamba kila kilicho ng'ambo ni bora. Kijana mmoja wa sharika zetu alisoma mwaka mmoja Marekani kwa mpango wa YES, ambao serikali ya nchi hiyo iliuanzisha 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ili vijana wa mataifa mbalimbali wakae katika familia na shule za huko. Alipofika Agosti alikuta viongozi wa wanafunzi walikwisha kuchaguliwa tangu mwaka wa masomo uliopita, akaruhusiwa kukaa kama msikilizaji. Anasema walipanga dansi, mapambo ya wiki ya michezo, na kukusanya vyakula vya makopo kwa ajili ya maskini. Alingoja wajadili nidhamu au walimu, hakusikia. Wao walikuwa na kura bila madaraka. Viranja wetu wana madaraka, ila hawana sauti. (Alituambia pia kwamba aliwafundisha kupiga makofi ya kilo, nao wakayaweka kwenye ratiba.)

Someni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakatokea. Lilikuwa suala la chakula na la wageni, kama letu lilivyokuwa la maji na la mgeni. Mitume hawakuuliza nani ametoa siri. Waliwakusanya wote, wakawaambia wachague watu saba. Tazameni majina ya wale saba: yote ni ya Kiyunani, na Nikolao hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Inaonekana meza ilikabidhiwa kwa upande ule ule uliolalamika. Kamati zenu zijadili: je, katika mradi wa usharika wenu ni nani aliye karibu zaidi na koki, na lini mlimwuliza? Na ninyi marafiki wa mbali, je, mnapopokea picha ya tangi, mnauliza nani anakinga maji?

Kuhusu barua mlizotuandikia, jibu letu ni kwamba mpango uendelee, lakini si kwa namna ya zamani. Kabla mgeni hajaja, shule itueleze mabaraza yake yanakutana lini na nani anaruhusiwa kusema. Mgeni aelezwe kwamba yeye atapanda ndege na wenzake watabaki, basi aulize kwanza wenzake wanataka liulizwe nini. Na yeyote wa hapa asiadhibiwe kwa neno lililosemwa barazani bila bodi kumsikiliza.

Taarifa ya kusahihisha ile ya kwanza tuliipeleka Ujerumani. Waliijibu kwa upole kuliko tulivyostahili, wakauliza gharama ya tangi la pili kwa ajili ya walimu. Bodi ilimrudishia dada mkuu cheo chake baada ya wiki tatu. Alishukuru, akakikataa, akasema anajiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne.

Kufuli limeondolewa. Tulikwenda tena mwezi uliopita, tukafungua koki wenyewe: asubuhi maji yalitoka, jioni hayakutoka. Shule iliahidi kuleta nakala ya kumbukumbu za baraza ofisini kwetu mara mbili kila muhula. Ya kwanza imefika. Ya pili, hadi tunapeleka toleo hili kiwandani, bado.