Kanisa Wakati wa Vita na Baada Yake

Katika somo hili twauliza neno moja: vita vikija, usharika wapaswa kuwatendea watu nini? Na vikiisha, kazi yake ni ipi?

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuyadharau manung'uniko yao, bali watu saba wenye sifa njema walichaguliwa washike kazi hiyo. Basi kugawa chakula kwa haki ni kazi ya kanisa, wala si jambo dogo.

Sasa tuitazame nchi yetu. Katika vita vya 1914 hata 1918 watu wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Majeshi yalikula mazao, njaa ikafuata, na mwaka wa 1918 ugonjwa mkuu wa mafua ukaua watu wengi. Huko Kilimanjaro, wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka wa 1893. Mwaka wa 1920 karibu wote waliondoshwa. Waalimu na wazee wa kanisa ndio waliobaki kufundisha, kuzika wafu na kuwafariji waliofiwa. Hapo watu walijua ya kuwa kanisa si mali ya mgeni.

Vita vya pili vilipokuja mwaka wa 1939, wamisionari Wajerumani walizuiliwa tena. Walutheri wa Marekani na Swedeni walitusaidia. Mwaka wa 1947 makanisa ya Kilutheri yaliungana huko Lund, na kuwasaidia wakimbizi kulikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza. Mwaka wa 1964 Shirikisho hilo lilianzisha huduma ya TCRS katika nchi yetu, kwa ajili ya wakimbizi waliotujia. Hivyo sisi tuliosaidiwa tuliitwa kuwapokea wengine.

Lakini tujihadhari. Wakati wa dhiki kila mtu huwatazama kwanza jamaa zake na watu wa kabila lake, na mgeni husahauliwa kama wale wajane. Mkono ugawao kwa upendeleo huacha uchungu udumuo kuliko njaa. Kwa hiyo yatupasa kuchagua waaminifu, na kuandika majina ya wajane na yatima wakati wa amani, kabla shida haijabisha hodi.

Maswali ya kujifunza:
1. Katika usharika wetu, ni nani asahauliwaye?
2. Ni nani wanaoshika kazi ya wale saba?
3. Mkimbizi asiye wa dini yetu akija leo, tutampokeaje?