Mabibi Mafundi wa Sola: Maswali na Majibu

Hawa mafundi ni akina nani?

Ni wanawake wa vijijini, wengi wao wana wajukuu, waliofundishwa kuunda, kufunga na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa jua. Mpango huu ulianzia Barefoot College, chuo kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972 huko Tilonia, Rajasthan, India. Wanafunzi wake hutoka Afrika, Amerika ya Kilatini na visiwa vya Pasifiki. Unguja nako kuna tawi, Kinyasini.

Wengine hawajui kusoma. Wanafundishwaje?

Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Tilonia, bibi wa Malawi anaweza kukaa benchi moja na bibi wa Guatemala na wa Fiji, hakuna anayejua lugha ya mwenzake. Wanafundishwa kwa rangi, kwa ishara za mikono na kwa kurudia, miezi sita mfululizo. Chukua rezista, kile kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kilicholehemiwa ndani ya chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri. Mgongoni kina mistari ya rangi. Kahawia, nyeusi, nyekundu: hiyo ni omu 1,000 za ukinzani wa umeme. Mstari wa tatu ukiwa wa chungwa, ni omu 10,000. Mwanachuo hukariri namba. Bibi hukariri rangi, kama anavyoijua khanga yake kwenye kamba bila kusoma jina. Na mistari hiyo ni ileile Pemba, Fiji na Guatemala. Kwa hiyo wenzake wa darasani wanaweza kuangalia kazi yake na kumwonyesha alipokosea, bila neno hata moja.

Kwa nini mabibi, vijana wapo?

Kijana akipata ujuzi na cheti, kesho yuko mjini. Bibi ana shamba lake pale, ana wajukuu pale. Ndiyo maana Tilonia hawatoi cheti, tena kwa makusudi. Nilipolisikia hili mara ya kwanza niliona vijana wanaonewa. Lakini nani hajaona zahanati yenye paneli juu ya paa na kibatari mezani, kwa kuwa fundi aliyezifunga alishaondoka?

Mume akikataa?

Hutokea. Filamu ya Solar Mama ya 2012 inamwonyesha Rafea, mwanamke wa Kibedui wa Jordan, akirudi nyumbani katikati ya mafunzo kwa sababu ya vitisho vya mumewe. Baadaye alikwenda tena Tilonia. Ni vizuri familia ikae na kukubaliana kabla mama hajafunga mizigo.

Nani analipa?

Serikali ya India imegharamia nauli na mafunzo ya wengi waliokwenda Tilonia. Kijijini, kila nyumba huchanga kwa mwezi kiasi kinachokaribia kile walichokuwa wakinunulia mafuta ya taa na betri za tochi. Michango huwekwa kwenye mfuko, na humo hutoka malipo ya fundi na akiba ya betri mpya. Mfuko huo usiguswe kwa harusi wala msiba. Paneli huishi miaka 20 na zaidi. Betri hufa mapema sana, hasa ikiachwa iishe kabisa kila usiku.

Je, mpango huu unapunguza joto la dunia?

Kidogo mno. Moshi wa vibatari vya kijiji kizima si kitu mbele ya mitambo ya makaa ya mawe. Faida kubwa iko kwenye mapafu ya watoto na kwenye daftari la usiku.

Taa yangu imezima. Nianze wapi?

Futa vumbi kwenye paneli. Kagua vichwa vya betri. Ukiona unga wa kijani au mweupe, usiuguse kwa mkono mtupu, umwachie fundi. Na usiiruke chaji kontrola ukaunganisha paneli moja kwa moja kwenye betri. Betri ya maji itachemka na kukauka, na bibi akija hatakuwa na cha kutengeneza.