Ukisikia kusukuma na njia bado haijafunguka

SWALI: Daktari, nina mimba ya pili, ya miezi minane. Nilipojifungua mara ya kwanza nilisikia kusukuma, nesi akanikataza akisema njia bado. Nilijizuia nikashindwa, nikaishia kugombezwa. Safari hii nifanyeje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Kwanza, mama, hukuwa mkaidi. Kichwa cha mtoto kikishuka na kugandamiza nyonga na njia ya haja kubwa, mwili huongeza homoni ya oksitosini, na kizazi husukuma chenyewe. Wengi huhisi kama wamebanwa na haja kubwa. Kuuzuia msukumo huo ni kama kuzuia chafya. Unachoweza ni kutouongezea nguvu zako. Mama aliye kwenye uchungu huelekezwa, hagombezwi.

Hata hivyo, katazo lina sababu. Mlango wa kizazi usipofika sentimita 10, kusukuma kwa nguvu kunaweza kuuvimbisha au kuuchana, nawe unaishiwa nguvu kabla ya wakati. Ila mkunga hawezi kujua njia imefikia wapi kwa kukutazama usoni. Mwambie: "Nasikia kusukuma, naomba unipime." Uzazi wa pili mara nyingi huenda haraka, sentimita saba za saa moja iliyopita huenda sasa zimetimia. Na ukihisi haja kubwa, usiende chooni peke yako.

Akikupima akakuta bado, lala ubavu wa kushoto, au piga magoti uiname mpaka mabega yaguse godoro na makalio yabaki juu. Mikao hii hupunguza mgandamizo wa kichwa cha mtoto. Uchungu ukipanda, hema pumzi fupi fupi, ha, ha, ha, kisha puliza taratibu kwa mdomo. Ukibana pumzi tu, umeshaanza kusukuma. Legeza taya, shusha mabega. Uchungu ukipoa, vuta pumzi ndefu upumzike. Anza mazoezi haya sasa nyumbani, na atakayekusindikiza ayajue, maana siku hiyo utahitaji mtu wa kuhema pamoja nawe. Ukiwa kwenye uchungu, kojoa mara kwa mara pia.

Njia ikishafunguka, fuata mwili wako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka mama asukume kadiri anavyosikia mwenyewe, katika mkao anaoutaka, na haupendekezi kumkandamiza tumbo ili mtoto atoke. Kichwa kinapochomoza utaambiwa uache kusukuma na uheme tena. Tii hapo, kwani kichwa kikitoka polepole hupunguza kuchanika.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu usiziguse. Zinaweza kupasua kizazi. Kliniki ijayo msimulie mkunga yaliyokupata mara ya kwanza, na uulize kama kituo chenu kinaruhusu msindikizaji aingie nawe leba.