Askari Mmoja Ana Gharama Gani?

Ng'ombe wakiibwa au duka likivunjwa usiku, kwenye mkutano wa kijiji twasema: "Tuongezewe askari polisi!" Ombi hilo ni la haki. Lakini askari hulipwa kwa fedha za umma, yaani kodi zetu wenyewe. Basi leo tujifunze gharama zake.

Wengi wetu tunafikiri gharama ni mshahara tu. Kumbe mshahara ni mwanzo. Kabla ya kazi, askari hufundishwa chuoni kwa miezi mingi. Akihitimu anahitaji sare, nyumba, pikipiki na mafuta. Akistaafu hulipwa pensheni.

Haya, tupige hesabu kidogo. Wiki moja ina saa 168. Tuseme askari anafanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni saa 48. Gawanya 168 kwa 48, utapata 3 na nusu. Maana yake, kituo kikitaka kuwa na askari mmoja zamu zote, usiku na mchana, kinahitaji askari 4. Na hapo bado hatujahesabu likizo wala ugonjwa.

Je, nani atalipa, na kwa muda gani? Tutazame mfano wa Marekani. Kule polisi wengi huajiriwa na miji na wilaya, si na serikali kuu kama kwetu Tanzania. Mwaka 1994 ilipitishwa sheria ya kuongeza askari 100,000 nchini humo. Kwa kawaida serikali kuu ilitoa robo tatu ya gharama za askari mpya kwa miaka 3, isizidi dola 75,000. Robo moja ililipwa na mji. Baada ya hapo mji ulitakiwa kubeba mzigo wote.

Tuseme askari mmoja aligharimu dola 32,000 kwa mwaka. Mji ulilipa 8,000 tu. Mwaka wa 4 ulidaiwa zote 32,000, yaani mara nne! Ndiyo maana miji mingine iliukataa msaada huo tangu mwanzo.

Tunajifunza nini? Kupewa ng'ombe ni siku moja, kumlisha ni kila siku. Vijiji vingi vyetu hujitolea tofali na nguvu kujenga kituo cha polisi. Hilo ni jambo jema. Lakini jengo hulipiwa mara moja, askari hulipiwa kila mwezi. Kituo kisicho na askari ni nyumba ya popo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga, tuulize: Wataletwa askari wangapi? Watakaa wapi? Mafuta yatatoka fungu gani? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Sasa tunajua kusoma, tuusome wenyewe.

Maswali ya kujadiliana
1. Taja gharama 4 za askari zaidi ya mshahara.
2. Kituo kikitaka askari 2 kila zamu, kinahitaji askari wangapi?
3. Kijijini kwenu, ni ulinzi gani mnaoweza kuufanya wenyewe?